Redd Foxx na Santuri za Dooto: Wasifu wa Fanani wa Vichekesho vya Watu Wazima

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba utanzu hauwezi kuishi bila fanani na hadhira. Hufundishwa vilevile kwamba kila jamii ina mahali pake pa kusemea yale yasiyosemwa hadharani. Miongoni mwa Wameru na Waembu, kama ilivyo katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, msimu wa jando ulikuwa na nyimbo zilizotaja waziwazi mambo ya unyumba, kwa maneno ambayo mtu angeona haya kuyatamka siku ya kawaida mbele ya mkwewe. Msimu ulipokwisha, nyimbo nazo zilinyamaza. Huo ndio utaratibu wa mivigha: mahali, wakati na walengwa ndivyo vinavyoamua lipi ni tusi na lipi ni funzo.

Swali linalozuka ni hili: maneno ya aina hiyo huwaje yanapoondolewa mahali pake, yakatiwa katika santuri na kuuzwa kwa yeyote mwenye pesa? Katika eneo la Mlima Kenya, mwanamuziki Joseph Kamaru (1939–2018), mzaliwa wa Murang'a aliyekuja kumiliki duka na kampuni yake ya santuri jijini Nairobi, aliwaudhi walimu katika miaka ya 1960 kwa wimbo Ndari ya Mwarimu, uliofichua uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi wake wa kike. Kamaru alikuwa mwimbaji wa mambo mengi, na kichekesho hakikuwa ndiyo biashara yake. Kampuni iliyojijengea jina kwa vichekesho vya watu wazima ilikuwa mbali na hapa, huko Los Angeles, Marekani. Iliitwa Dooto, na fanani wake mkuu alikuwa Redd Foxx. Makala haya yanasimulia maisha ya msanii huyo, yakizingatia hasa namna santuri zilivyomjenga na gharama aliyoilipa.

Maisha ya Awali

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa John Elroy Sanford. Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1922 mjini St. Louis, katika jimbo la Missouri. Baba yake, fundi wa umeme, aliiacha familia mtoto huyo akiwa bado mdogo, na malezi yakabaki mikononi mwa mama na nyanya. Alikulia Chicago, katika mitaa ya Wamarekani Weusi waliokuwa wamehamia kaskazini kutafuta kazi na kuukimbia ubaguzi wa majimbo ya kusini. Shule haikumshika sana. Akiwa kijana barobaro alijiunga na wenzake wakaunda bendi ndogo iliyotumia ubao wa kufulia nguo kama ala ya muziki. Wakadandia treni ya mizigo hadi New York, wakawa wanapiga muziki mitaani ili kupata riziki.

Katika mtaa wa Harlem alifanya kazi za kijungujiko, ikiwamo kuosha vyombo katika mkahawa mmoja. Humo alifahamiana na kijana mwingine mwenye nywele za rangi ya wekundu aliyeitwa Malcolm Little. Ili kuwatofautisha, watu walimwita huyo Mwekundu wa Detroit, na Sanford akawa Mwekundu wa Chicago. Little ndiye aliyekuja kujulikana ulimwenguni kama Malcolm X, na ndiye aliyezuru Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1964. Katika tawasifu yake hakumsahau rafiki huyo wa jikoni, na alimkumbuka zaidi kwa ucheshi wake. Jina la kisanii la Sanford lilitokana na rangi hiyo ya nywele pamoja na jina la Jimmie Foxx, mchezaji mashuhuri wa besiboli.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Foxx alishirikiana na mchekeshaji Slappy White kuanzia mwaka 1947 hadi 1951. Wawili hao walitumbuiza katika mfululizo wa kumbi na vilabu vya Weusi vilivyotapakaa kutoka mji hadi mji. Kumbi hizo ndizo zilizokuwa chuo chake. Hadhira ilikaa karibu, ilikunywa, ilijibu na ilizomea. Fanani asiyejua kumnyamazisha mlevi wa meza ya mbele kwa neno moja tu hakudumu. Mwaka 1952 alifika California, akifuatana na mwimbaji Dinah Washington. Kazi ilipokuwa haba alijikimu kwa kuchora mabango ya maduka.

Kukutana na Dootsie Williams

Walter Williams, maarufu kama Dootsie, alizaliwa mwaka 1911 na alianza maisha ya sanaa kama mpiga tarumbeta. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 aliasisi kampuni ya santuri ya Dootone mjini Los Angeles. Katika zama ambazo biashara ya santuri ilishikwa na Wazungu, Mwamerika Mweusi mwenye kampuni yake mwenyewe alikuwa jambo la nadra. Mwaka 1954 alipata bahati kubwa kwa wimbo Earth Angel wa kundi la The Penguins, uliorekodiwa katika gereji ya nyumba. Wimbo huo ulifika kileleni mwa chati za muziki wa Weusi mwaka 1955, lakini furaha haikudumu. Meneja wa kundi aliwachukua waimbaji hao na kuwapeleka kwa kampuni kubwa ya Mercury. Williams alibaki na wimbo bila waimbaji.

Hasara hiyo ilimlazimu kutafuta bidhaa ambayo kampuni kubwa zisingethubutu kumnyang'anya. Aliipata klabuni, alipomsikia Foxx akiwachekesha watu usiku. Mwaka 1956 alitoa santuri ya kwanza ya mchekeshaji huyo, Laff of the Party. Mwaka uliofuata jina la kampuni lilifupishwa likawa Dooto, na vichekesho vikawa ndio uti wa mgongo wake. Wachekeshaji wengine walirekodiwa pia, miongoni mwao Rudy Ray Moore, lakini hakuna aliyeuza kama Foxx.

Uuzaji wenyewe ulikuwa kisa. Vituo vya redio havikuzicheza santuri hizo. Maduka mengi hayakuzitundika dirishani, bali yaliziweka chini ya kaunta, na mnunuzi alilazimika kuziulizia kwa sauti ya chini. Zilienea kupitia kwa vinyozi, wasusi na marafiki waliokutana Jumamosi jioni. Watoto walipelekwa kulala kwanza, kisha santuri ikawekwa kwenye kinanda. Kwa njia hiyo wanunuzi walijitengenezea upya mipaka ambayo biashara ilikuwa imeivunja: mahali palikuwa sebuleni, wakati ulikuwa usiku, na walengwa walikuwa watu wazima.

Kuna jambo jingine la kuzingatiwa na mtafiti wa fasihi simulizi. Santuri hizi zilirekodiwa mbele ya watu, na vicheko vyao vikabakizwa. Msikilizaji wa mbali hakununua maneno ya Foxx pekee, alinunua na watu waliomjibu. Santuri ilihifadhi fanani pamoja na hadhira yake, jambo ambalo kitabu cha hekaya na soga hakiwezi kulifanya.

Tasfida kama Silaha

Aliyezisikia sifa za santuri za Dooto kabla ya kuzisikia zenyewe huenda akashangaa. Katika zile za mwanzo matusi ya waziwazi ni machache mno. Foxx alitegemea tasfida na utata wa maana. Mathalani, katika kichekesho kimoja maarufu aliiga mtangazaji wa redio anayetangaza mbio za farasi. Farasi wamepewa majina ya kawaida, lakini kadiri mbio zinavyoshika kasi na majina kukaribiana, sentensi za mtangazaji zinazaa maana nyingine kabisa. Msemaji hajatukana. Aliyecheka ndiye aliyeikamilisha maana, na kwa hiyo ndiye mwenye kujieleza.

Mbinu hii si ngeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Mafumbo ya waimbaji wa taarabu, misemo ya kanga na mafunzo ya kungwi kwa mwari yote hutegemea mwafaka huohuo kati ya msemaji na msikilizaji. Tofauti ni kwamba Foxx aliitumia katika nchi ambamo mtu Mweusi alitarajiwa kuchekesha kwa kujifanya mjinga. Yeye alisimama jukwaani akiwa nadhifu, mjanja kuliko aliyekuja kumtazama, akizungumzia tamaa za mwili, dini, umaskini na rangi bila ya kuomba radhi.

Hata hivyo, sifa hizi hazipaswi kuufunika upungufu wake. Katika visa vingi mwanamke ndiye aliyebeba mzigo wa kejeli: mke mwenye gubu, mama mkwe, au kahaba. Jibu la kejeli hizo lilikuja baadaye kutoka kwa LaWanda Page, rafiki yake wa utotoni huko St. Louis, aliyerekodi vichekesho vikali vya watu wazima kwa sauti ya mwanamke asiyetishika.

Mgogoro wa Haki

Foxx alirekodi santuri nyingi, na mauzo yake yaliisimamisha kampuni. Lakini ubia kati ya fanani na mwenye mtambo uliingia doa. Foxx alidai kwamba hakulipwa mrabaha aliostahili, na Williams alitaka azuiwe kurekodi kwingine. Shauri lilifika mahakama ya rufani ya California, iliyotoa uamuzi mwaka 1966. Sheria ya jimbo hilo ilidai kwamba msanii asizuiwe kufanya kazi kwingine ila kama mkataba unamhakikishia walau dola 6,000 kwa mwaka. Mrabaha unaotegemea mauzo hauhakikishi kitu, hivyo zuio likaondolewa.

Si haki kumchora Williams kama dhalimu tu. Alikuwa ameporwa waimbaji wake na kampuni kubwa, na alimshikilia Foxx kwa hofu ya kuporwa tena. Ukweli mchungu ni kwamba aliyeumwa na wenye nguvu alikuja kumbana aliyekuwa chini yake. Foxx alikwenda kurekodi kwingine, nayo Dooto haikumpata mwingine wa kulingana naye.

Mwaka 1967 Louis Drozen aliasisi kampuni ya Laff mjini humo, na njia iliyofyekwa na Dooto ikawa barabara. Ni Laff iliyotoa santuri za LaWanda Page. Ni Laff pia iliyotoa santuri ya Richard Pryor ya mwaka 1971, iliyorekodiwa katika klabu iliyomilikiwa na Foxx mwenyewe. Pryor naye alikuja kuvutana na kampuni hiyo kuhusu kanda zake za zamani.

Runinga na Miaka ya Mwisho

Tarehe 14 Januari 1972 runinga ya NBC ilianza kuonyesha Sanford and Son, mchezo uliotoholewa kutoka Uingereza. Foxx aliigiza kama Fred Sanford, mzee mwuza vyuma kuukuu anayeishi na mwanawe, na mhusika huyo alipewa jina la kaka yake Foxx. Mtu ambaye santuri zake zilifichwa chini ya kaunta sasa aliingia katika kila sebule, watoto wakiwa macho. Alipopata nguvu hiyo aliitumia kumwita LaWanda Page, aliyeigiza kama shemejiye mlokole, Esther. Mwaka 1974 aligoma kwa muda akidai malipo na masharti bora. Mchezo uliendelea hadi mwaka 1977.

Fedha zilikuja na kuondoka. Foxx alikuwa mkarimu na mbadhirifu kwa kiwango kimoja. Mwaka 1989 maafisa wa kodi waliivamia nyumba yake mjini Las Vegas na kutwaa magari, vito na mali nyingine. Mwaka huohuo alionekana pamoja na Pryor katika filamu Harlem Nights ya Eddie Murphy, na Murphy ndiye aliyemrudisha kwenye runinga mwaka 1991 kupitia mchezo The Royal Family.

Katika Sanford and Son, mzee Fred alikuwa na hila moja iliyopendwa mno. Kila alipobanwa alijishika kifua, akayumba, akamwambia marehemu mkewe kwamba yuko njiani kumfuata. Tarehe 11 Oktoba 1991, wakati wa mazoezi ya mchezo mpya, Foxx alianguka. Waliokuwapo walidhani ni ile hila ya zamani. Ilikuwa shambulio la moyo la kweli, na siku hiyohiyo aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 68. Inaelezwa kwamba gharama za mazishi zililipwa na Murphy. Dootsie Williams alikuwa amefariki mwezi Agosti mwaka uleule.

Hitimisho

Maisha ya Redd Foxx yanaonyesha kwamba maneno ya faraghani yanaweza kuhamishwa kutoka mahali pake bila ya kufa, mradi hadhira ihamishwe nayo. Yanaonyesha pia kwamba chombo kinachohifadhi sauti huzaa mwenye chombo, na kwamba fanani asiyeusoma mkataba huweza kujikuta mgeni katika kicheko alichokizusha mwenyewe. Wanafunzi wanaokwenda nyanjani Meru na Embu na vinasa sauti mikononi, wakirekodi soga na nyimbo za wazee, wanabeba chombo cha aina ileile. Kabla ya kukiwasha yafaa mzee aambiwe kanda itakwenda wapi, nani ataisikia, na ni ya nani.