Theodor Bilharz, daktari aliyekuta minyoo kwenye mshipa wa ini

Mtoto akiwa na tumbo kubwa na kitu kigumu chini ya mbavu za kushoto, wengi husema ana bandama, kisha hupelekwa kuchanjwa chale. Lakini bandama si ugonjwa. Ni kiungo ambacho kila mtu anacho, na kikivimba kipo kilichokivimbisha. Mmoja wa watu waliotufungulia njia ya kukijua ni daktari Theodor Bilharz.

Alizaliwa tarehe 23 Machi 1825 mjini Sigmaringen, Ujerumani. Alisomea udaktari, na mwaka 1850 akafuatana na mwalimu wake, Wilhelm Griesinger, kwenda Misri. Huko alifanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini, Cairo. Wagonjwa wengi walikuwa wakikojoa damu. Walipofariki, Bilharz alichunguza miili yao ili ajue kilichowaua.

Mwaka 1851, akiwa na miaka 26, aliona minyoo midogo myeupe ndani ya mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini kutoka kwenye matumbo na bandama. Kwa hadubini aliona dume amemkumbatia jike kwenye mfereji wa mwili wake. Mwaka uliofuata aliihusisha minyoo hiyo na ugonjwa wa kukojoa damu. Ndiyo minyoo ya kichocho, na ndiyo maana kichocho huitwa pia bilharzia.

Mwaka 1862 alisafiri hadi Massawa, kwenye pwani ya Eritrea ya leo. Alirudi Cairo akiwa na homa kali, akafariki tarehe 9 Mei mwaka huohuo, akiwa na miaka 37 tu. Hakuwahi kujua minyoo inaingiaje mwilini. Mwaka 1915 Robert Leiper alionyesha, hukohuko Misri, kwamba vijidudu hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliye ndani ya maji.

Mshipa aliouchunguza Bilharz ndio unaoeleza kwa nini bandama huvimba. Katika kichocho cha tumbo, mayai ya minyoo hunasa ndani ya ini na kuacha makovu. Damu hukosa njia, shinikizo hupanda ndani ya mshipa, na bandama hujaa damu na kuvimba. Mishipa ya koo la chakula nayo hutanuka, na ikipasuka mgonjwa hutapika damu.

Tangu mwaka 1951 madaktari wanaweza kukadiria shinikizo hilo kwa kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa hadi ndani ya ini. Lakini kwenye kichocho damu huziba kabla ya kufika sehemu inayopimwa, hivyo kipimo kinaweza kuonyesha hali ya kawaida wakati mtu anaumwa. Kwa hiyo mara nyingi daktari hutumia altrasaundi kuangalia ini, bandama na upana wa mshipa. Kipimo hiki hakimuumizi mtoto.

Hapa kwetu Kibaha na Kisarawe, kichocho kinachojulikana zaidi ni cha mkojo. Kile cha tumbo kimeenea zaidi Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo bandama ya mtoto wa Pwani ikivimba, daktari atafikiria pia malaria ya mara kwa mara na selimundu. Mweleze kama mtoto amewahi kuishi Kanda ya Ziwa, kama huoga mtoni au bwawani, na kama kuna mwenye selimundu katika ukoo.

Mama, mlezi, fanya haya:

- Mpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya. Ikihitajika, atapewa rufaa hadi Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe au Tumbi, Kibaha.
- Usimkande tumbo wala kumchanja chale. Bandama iliyovimba inaweza kupasuka, na wembe huleta maambukizi.
- Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au akipauka ghafla na kuishiwa nguvu, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.
- Dawa za kichocho zikigawiwa shuleni, hakikisha amekula kwanza, kisha ameze.

Bilharz aliikuta minyoo hii kwa watu waliokwisha kufa. Leo inatibika kwa vidonge, mtoto akiwahishwa kabla ini halijapata makovu.