Al-Jahidh wa Basra na Viumbe Wasiosema

Sisi tukaao baina ya Diani na Msambweni twamjua mbega, ambaye wengine wetu humwita kuluzu. Mara nyingi humkuta barabarani amekwisha gongwa na motokaa, na mpitaji husema kuwa ni mnyama tu, akaenda zake. Neno hilo limetukumbusha Abu Uthman Amr bin Bahr, aliyepewa jina la Al-Jahidh kwa sababu ya macho yake yaliyotokeza nje.

Alizaliwa Basra yapata mwaka 776. Yasemekana babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Naye katika ujana wake aliuza mkate na samaki kandoni mwa mfereji, kisha hukodi maduka ya vitabu apate kusoma humo usiku. Baadaye aliandika risala ya kuwatetea watu weusi, akawataja ndani yake Zanji, yaani watu wa pwani hii yetu.

Kitabu chake kikubwa ni Kitab al-Hayawan, chenye juzuu saba, alichomtunukia waziri Ibn al-Zayyat. Humo hakutosheka na maneno ya Aristotle, bali aliwauliza Mabedui na washika nyoka. Aliona ya kuwa buibui hufuma bila ya mwalimu, na nyuki hujenga nyumba ambayo fundi wetu haiwezi hata akifundishwa. Basi ubora wa mwanadamu hauko katika ufundi. Uko katika kupewa akili na uwezo wa kutenda au kuacha, na kwa hivyo yeye ndiye atakayeulizwa. Al-Jahidh alikuwa Muutazila, nasi katika mengi hatumfuati. Lakini katika hili twamwona amesema kweli.

Mbega hakuikata barabara ya Diani katikati ya mwitu, wala hawezi kuyajua mambo ya motokaa. Dereva ayajua, na aweza kupunguza mwendo. Tangu mwaka 1997 liko huko shirika lifungalo ngazi za kamba juu ya barabara, mbega wavuke mti hata mti bila ya kushuka chini.

Al-Jahidh alipooza ubavu mmoja uzeeni, akafariki Basra mwaka 255 wa Hijria. Watu hupenda kusimulia kwamba aliangukiwa na vitabu vyake; hadithi hiyo twawaachia waipendao.