Bwana Léo Taxil na Chama Ambacho Hakikuwapo

Habari za vyama vya siri vya uchawi haziachi kubisha hodi katika nyumba za Wakristo. Zamani zilikuja kwa vitabu vidogo vilivyopitishwa mkono kwa mkono. Siku hizi huja kwa simu, nazo huletwa na watu wema wasio na nia ya kumdanganya jirani. Husemwa kwamba mahali fulani wako wakubwa wanaokutana usiku, wenye madaraja na viapo, na kwamba Shetani mwenyewe huketi katikati yao. Hatukusudii leo kupima kila habari ya namna hiyo. Twataka kusimulia maisha ya Mfaransa mmoja, aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ambaye katika kazi ya kutunga habari hizo hakuwa na mwenzake. Nao waliomwamini walikuwa watu kama sisi: wenye kusali, wenye kununua magazeti ya Kikatoliki, wenye kulipenda Kanisa.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Gabriel Jogand-Pagès. Alizaliwa katika mji wa Marseille tarehe 21 Machi 1854, akasomeshwa kwa mapadre Wajesuiti. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne alitoroka nyumbani, akitaka kuvuka mpaka awafuate wapinzani wa serikali waliokimbilia Ubelgiji. Akakamatwa njiani, na baba yake akamtia katika nyumba ya kurudia watoto huko Mettray. Alitoka humo akiwa na chuki kwa dini na kwa kila mwenye amri. Alipoanza kuandika magazetini alijiita Léo Taxil, na jina hilo likamganda mpaka kufa.

Tangu ujana wake alipenda kudanganya kama wengine wapendavyo kuimba. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka 1873 aliwatia watu wa Marseille hofu kwa barua zilizodai kwamba papa wameijaa bahari yao. Watu wakaacha kuoga pwani, na askari wakapelekwa kwa mashua kuwawinda samaki ambao hawakuwapo. Baadaye alihamia Paris, akafungua duka la vitabu vya kuwatukana mapadre, akaandika kitabu cha aibu juu ya Papa Pio wa Tisa. Mwaka 1881 aliingia katika chama cha Wafrimasoni, nao wakamfukuza mwaka ule ule, akiwa bado katika daraja la kwanza. Basi elimu yote aliyokuwa nayo juu ya siri za chama hicho ilikuwa hiyo ya mtu aliyefika barazani akarudishwa.

Mwezi Aprili 1884 Papa Leo wa Kumi na Tatu alitoa barua kwa Kanisa lote kuwaonya waamini wasijiunge na Wafrimasoni. Hapo Taxil akaona mlango umefunguka. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Aprili 1885, alitangaza kwamba ameongoka. Akavikana vitabu vyake vya zamani, akaenda kwenye mafungo, akaungama. Alisimulia baadaye kwamba, ili padre amsadiki, alikiri katika maungamo hayo kosa la kuua mtu, kosa ambalo hakulitenda kamwe. Twasita kuandika jambo hili, lakini bila hilo msomaji hatajua alikuwa mtu wa namna gani. Mwaka 1887 alipokelewa na Baba Mtakatifu huko Roma.

Kutoka hapo vitabu vikafuatana, kila kimoja kikishinda cha kabla yake. Kwanza alieleza desturi za Wafrimasoni, akichanganya kweli na uongo. Kisha, mwaka 1891, akaanza kusimulia juu ya chama kilichofichika ndani ya chama, alichokiita Palladium. Kwa maneno yake, kiti kikuu cha chama hicho kilikuwa Charleston, katika Marekani, na mkuu wake alikuwa Albert Pike, mwanasheria mzee aliyekuwa kweli kiongozi wa Wafrimasoni wa huko, na ambaye kwa bahati njema ya mtungaji alifariki mwaka ule ule wa 1891. Palladium, alisema, kilianzishwa tarehe 20 Septemba 1870, siku ile majeshi ya Italia yalipoingia Roma na kumnyang'anya Papa mji wake. Tazameni ustadi wake! Msiba ambao kila Mkatoliki aliukumbuka kwa uchungu ndiyo kamba aliyoufungia uongo, na mwenye uchungu haulizi sana.

Tangu mwaka 1892 habari za Palladium zilitolewa kwa sehemu sehemu kwa jina la Daktari Bataille. Aliyeshirikiana naye katika kazi hiyo alikuwa Charles Hacks, ambaye alikuwa amepata kuwa daktari wa meli, na kwa hiyo alijua kutaja bandari. Palisimuliwa mahekalu ya Shetani katika India na Uchina, na karakana zilizo chini ya mwamba wa Gibraltar. Palisimuliwa tena meza iliyogeuka mamba mbele ya watu, na mamba huyo akapiga piano. Msomaji akitaka kucheka, na acheke. Lakini wakati huo watu walizisoma habari hizo nyumbani na katika makao ya watawa, wakatetemeka.

Kwa nini walisadiki? Sababu moja ni kwamba vyama vya kusoma na kutenda uchawi vilikuwapo kweli katika Ulaya siku zile. Huko Paris, mwaka 1888, Stanislas de Guaita alianzisha chama chake cha Msalaba wa Waridi, kilichofundisha elimu za siri na kutoa daraja kwa mitihani. London nako, mwaka huo huo, kilianza chama kilichoitwa Mapambazuko ya Dhahabu. Humo waliingia wasomi, waigizaji na mshairi Yeats. Wakavaa majoho, wakajifunza nyota na herufi za Kiebrania, na kabla ya miaka kumi na mitano kupita walikuwa wamegombana na kugawanyika. Vyama hivyo Mkristo hana haki ya kuvifuata, nasi hatuvitetei. Hata hivyo yafaa kusema ukweli wake: vilikuwa vidogo, vilikuwa na karatasi nyingi kuliko nguvu, na mamba wa kupiga piano hakuwamo. Tena, aliyeandika mwaka 1896 kitabu kizima cha kuonyesha kwamba Palladium ni uzushi alikuwa Mwingereza Arthur Edward Waite, mtu aliyekuwa ndani ya hicho chama cha London. Ni aibu kidogo kwetu kwamba mwanafunzi wa uchawi alikuwa mwepesi kuutambua uongo kuliko wengi waliosali rozari kila jioni.

Hata wachungaji wengine walivutwa. Askofu Meurin wa Port-Louis, katika kisiwa cha Morisi, aliandika mwaka 1893 kitabu kikubwa chenye mambo yaliyochotwa kwa Taxil. Na Askofu Fava wa Grenoble alikuwa miongoni mwa waliozipokea habari hizi kwa heshima. Jina hili la Fava si geni katika historia yetu. Ndiye yule padre aliyefika Unguja mwezi Desemba 1860 pamoja na wenzake, akaanzisha misheni ambayo baada ya miaka michache ilizaa ile ya Bagamoyo. Twamtaja kwa shukrani, wala hatusahau deni letu kwake. Twamtaja pia ili mtu asidhani kwamba waliodanganywa walikuwa wajinga au wavivu.

Walikuwapo waliokataa. Askofu wa Charleston alieleza kwamba mambo hayo hayamo katika mji wake, na kutoka Gibraltar nako kulikuja maneno ya kukanusha. Lakini sauti zao hazikusikilizwa, kwa maana wakati huo Taxil alikuwa amekwisha kumleta binti.

Aliitwa Diana Vaughan. Ilisemwa kwamba alikuwa kuhani mkuu wa Palladium, wa uzao wa mwanaelimu mmoja wa Kiingereza na jini wa kike, na kwamba mwezi Juni 1895 aliongoka kwa kulitaja jina la Joan wa Arc, yule msichana shujaa ambaye Wafaransa walitamani atangazwe mtakatifu. Mwezi Julai kumbukumbu zake zikaanza kutoka. Kisha akatoa novena ya Ekaristi, na watu wakaisali. Alipeleka sadaka Roma, na Kardinali Parocchi, aliyeliongoza Jimbo la Roma kwa niaba ya Papa, akamjibu kwa barua ya kumshukuru. Hakuna aliyemwona uso kwa uso. Taxil alisema amejificha, kwa kuwa wachawi wanamwinda wamwue. Na jibu hilo liliwatosha wengi, kwani nani angetaka kuwa sababu ya kifo cha binti aliyeongoka?

Mwishoni mwa Septemba 1896 ulifanyika mkutano mkubwa huko Trento kuhusu Wafrimasoni. Taxil alikuwapo, akashangiliwa. Hapo Wakatoliki wa Kijerumani, ambao magazeti yao yalikuwa yamekwisha kuanza kufichua uzushi huo, waliuliza maswali mepesi kabisa: binti huyu alizaliwa wapi? Cheti chake kiko wapi? Ni padre gani aliyempa Komunyo ya kwanza? Taxil akajizungusha kwa maneno. Tume ikaundwa Roma, nayo mwezi Januari 1897 ikatoa jibu kwamba haikupata hakika ya upande huu wala ya upande ule.

Ndipo alipotangaza kwamba Diana atajionyesha Paris, katika ukumbi wa Chama cha Jiografia, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 19 Aprili 1897. Walikuja waandishi wa magazeti, mapadre, na watu wasio na dini. Mlangoni waliombwa waache fimbo na miavuli yao, jambo ambalo lingetosha kuwafumbua macho. Kukachezwa kwanza bahati nasibu ya mashine ya taipu. Kisha Taxil akasimama akasema kwa utulivu kwamba kwa muda wa miaka kumi na miwili alikuwa akiwafanyia Wakatoliki mzaha. Kwamba Palladium hakikuwapo kamwe. Kwamba Diana Vaughan alikuwa mpiga taipu aliyefanya kazi na kampuni ya mashine hizo, akilipwa faranga 150 kwa mwezi kwa kunakili barua na kutia sahihi. Akawashukuru mapadre na maaskofu kwa msaada wao. Ukumbi ukalipuka kwa makelele, na polisi wakamsindikiza mpaka nje.

Siku ile ilioneshwa ukutani, kwa taa, picha ya Joan wa Arc gerezani. Wengi waliohudhuria hawakujua yule aliyevaa mavazi hayo ya mchezo ni nani. Alikuwa Sista Teresia wa Mtoto Yesu, Mkarmeli wa Lisieux, mwenye umri wa miaka ishirini na minne.

Kwa maana habari za Diana zilikuwa zimefika hata nyuma ya ukuta wa monasteri. Mwezi Juni 1896 Teresia aliandika mchezo mfupi kwa ajili ya sikukuu ya mkuu wao, akachukua mambo kutoka kwa habari hizo. Aliombwa pia amtungie Diana shairi. Akajaribu, lakini maneno hayakuja. Badala yake ikapelekwa picha yake akiwa amevaa kama Joan, na Diana, yaani Taxil, akajibu kwa barua. Teresia wakati huo alikuwa akitema damu kwa kifua kikuu, na tangu Pasaka ya 1896 roho yake ilikuwa katika giza zito juu ya mbingu. Katika giza hilo alipokea barua kutoka kwa mtu aliyedhani ni dada yake katika Kristo. Magazeti yalipoleta habari za mkutano wa Paris, aliichana barua ile, akaitupa kwenye lundo la samadi bustanini. Hakuandika neno la kumlaani mtu. Mwezi Juni mwaka huo huo aliandika daftari lake la mwisho, na humo aliwataja wasio na imani kuwa ndugu zake, akakubali kuketi nao mezani hata Mungu apende kumwondoa. Alifariki tarehe 30 Septemba 1897. Mwaka 1925 alitangazwa mtakatifu, na mwaka 1927 msimamizi wa misheni, zetu zikiwamo.

Taxil aliishi miaka kumi zaidi. Alirudia vitabu vyake vya zamani vya kuwadhihaki mapadre, na kwa jina la kike la Jeanne Savarin aliandika kitabu cha kuwafundisha akina mama wa nyumbani kununua chakula bila kudanganywa na wauzaji. Alikufa huko Sceaux, karibu na Paris, tarehe 31 Machi 1907. Waliokuwa wakimsoma kwa hofu walikuwa wamekwisha kumsahau.

Katazo la Kanisa kwa Wafrimasoni lingali pale pale, nalo halikuwahi kutegemea mamba wala mpiga taipu. Lilitangulia mwaka 1738, kabla babu wa Taxil hajazaliwa. Lakini kuna maandishi yanayodaiwa kuwa maagizo ya Albert Pike ya tarehe 14 Julai 1889, juu ya kumwabudu Lusiferi. Yalitoka katika kiwanda hicho hicho cha Paris, na yalichapishwa mwaka 1894, Pike akiwa kaburini. Mtungaji wao aliungama mbele ya watu Jumatatu ile ya Pasaka. Nayo yangali yakinakiliwa hata leo, yakisomwa kama ushuhuda, na kupelekwa kutoka nyumba hata nyumba.