Flannery O'Connor na shamba ambalo hakulichagua



Sekondari tulikariri mandhari kwa ajili ya mtihani tu: ni mahali ambapo matukio ya hadithi yanatokea. Alama ikapatikana, tukasonga mbele. Mimi niliishia hapohapo mpaka nilipokutana na maisha ya dada huyu.

Mary Flannery O'Connor alizaliwa tarehe 25 Machi 1925, siku ya Kupashwa Habari Bikira Maria, katika mji wa Savannah, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Nyumba yao ilikuwa jirani kabisa na kanisa kuu. Lakini Georgia kwa ujumla ilikuwa nchi ya Waprotestanti, na Wakatoliki walikuwa wachache. Baba yake alifariki mwaka 1941 kwa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka kuushambulia mwili wenyewe. Flannery alikuwa na miaka 15.

Akasoma chuo Milledgeville, akaenda Iowa kujifunza uandishi, kisha akaishi New York na Connecticut. Aliamini kwamba akirudi nyumbani, uandishi wake utakufa. Si wengi wetu tunawaza hivyohivyo kuhusu vijijini kwetu?

Mwishoni mwa 1950, akiwa kwenye treni kurudi nyumbani kwa Krismasi, akaugua. Ilikuwa lupasi ileile ya baba. Tangu 1951 akaishi na mama yake, Regina, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa lililoitwa Andalusia, ekari 544 nje kidogo ya Milledgeville. Alilala chumba cha chini kwa sababu ngazi zilimshinda, na baadaye akatembea kwa magongo. Asubuhi Misa, halafu kuandika mpaka mchana, halafu tausi wake, ambao walifika kama arobaini hivi. Basi, ndiyo ratiba hiyo, miaka kumi na tatu.

Na kumbe hapo ndipo hadithi zake bora zilipotokea. Chukua Good Country People. Kuna dada mwenye shahada ya uzamivu ya falsafa, mguu mmoja wa mbao, haamini chochote, ugonjwa wa moyo umemfunga shambani kwa mama yake. Anakuja kijana muuza Biblia. Dada anajiona mjanja, anapanga kumtongoza, wanapanda ngazi hadi kwenye dari ya ghala la nyasi kavu. Kule juu kijana anamvua mguu, anautia kwenye begi, anashuka nao. Hebu hamishia tukio hilo sebuleni: angepiga kelele, mama angekuja, hadithi imeisha. Lakini juu pale, bila mguu wala miwani, elimu yote ile haiwezi kumshusha ngazi. Dhamira yote ya kiburi imebebwa na ghala. (Nami nina digrii ya falsafa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza.)

Au Revelation. Tunaanzia chumba cha kusubiria daktari. Ni kidogo, viti vichache, kwa hiyo tajiri na maskini wanalazimika kukaa wakitazamana. Mama Turpin anawapanga watu kwa viatu vyao. Binti mmoja anamrushia kitabu usoni na kumfananisha na nguruwe. Jioni mama yuko kwenye banda lake la nguruwe, bomba la maji mkononi, anagombana na Mungu. Na ni pale, si kanisani, anapoona roho zikipanda mbinguni: aliowadharau wametangulia, watu wa aina yake wako nyuma kabisa.

Tusimfanye malaika. Georgia ile ilikuwa ya ubaguzi wa rangi, na barua zake zina maneno ya kibaguzi yanayoumiza kusoma, hasa ukiwa Mwafrika. Mahali palimlea hata katika hilo. Bado yeye ndiye aliyeandika ule msafara wa roho, na mimi sijaweza kuviunganisha vitu hivyo viwili vikakaa sawa.

Mwaka 1964 alilazwa, akawa anaficha karatasi za hadithi chini ya mto ili aendelee kuandika. Alifariki tarehe 3 Agosti mwaka huohuo, na miaka 39. Kaburi lake liko Milledgeville, kando ya baba yake.