Moshood Abiola

Moshood Kashimawo Olawale Abiola (Abeokuta, 24 Agosti 1937 – Abuja, 7 Julai 1998), aliyejulikana zaidi kama M.K.O. Abiola, alikuwa mfanyabiashara tajiri, mmiliki wa magazeti na mwanasiasa wa Nigeria. Mwaka 1993 aligombea urais kwa ahadi ya kuwaondolea wananchi umaskini, akaongoza kwa kura, lakini serikali ya kijeshi ilibatilisha uchaguzi huo kabla hajatangazwa mshindi. Alipokataa kuuacha ushindi wake alikamatwa, na miaka minne baadaye alifariki akiwa bado kizuizini.

Maisha ya awali

Abiola alizaliwa katika familia maskini ya Wayoruba Waislamu. Alikuwa mtoto wa 23 wa baba yake, lakini wa kwanza kuvuka umri wa uchanga, kwa sababu wote waliomtangulia walifariki wakiwa wadogo. Ndiyo maana aliitwa Kashimawo, jina ambalo kwa Kiyoruba linahusu kungoja na kuona: wazazi walitaka kwanza wahakikishe kwamba mtoto ataishi.

Akiwa na umri wa miaka 9 alianza kuuza kuni. Aliamka alfajiri kwenda kuzitafuta, akaziuza kabla ya kwenda shuleni, ili kumsaidia baba yake na ndugu zake. Alipokuwa kijana aliunda bendi iliyopiga muziki kwenye sherehe, mwanzoni kwa malipo ya chakula tu. Alisoma sekondari katika shule ya Baptist Boys' High School mjini Abeokuta, pamoja na Olusegun Obasanjo, ambaye baadaye aliiongoza Nigeria kama mwanajeshi na tena kama rais wa kuchaguliwa.

Baada ya shule alifanya kazi ya ukarani katika benki, kisha akapata ufadhili wa kusomea uhasibu katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti.

Biashara na utajiri

Aliporudi Nigeria alikuwa mhasibu wa hospitali ya chuo kikuu mjini Lagos, halafu wa kampuni ya dawa ya Pfizer. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alijiunga na ITT, kampuni ya simu ya Marekani, akapanda hadi kuwa mwenyekiti wa tawi lake la Nigeria na makamu wa rais wake kwa Afrika na Mashariki ya Kati. Katika miaka ya 1970, wakati mauzo ya mafuta yalipoijaza hazina ya Nigeria, kampuni hiyo ilipata mikataba mikubwa ya mitambo ya simu kutoka serikali ya kijeshi, na Abiola akawa tajiri sana. Aliendelea kuanzisha mashamba, viwanda vya mikate, maduka ya vitabu, shirika la ndege, kampuni ya mafuta na kampuni ya magazeti ya Concord, ambayo gazeti lake la National Concord lilianza mwaka 1980.

Utajiri huo ulimletea pia lawama. Wengi walisema kwamba mikataba ilitokana na urafiki wake na majenerali, huku simu za nchi zikibaki mbovu. Mwanamuziki Fela Kuti, mzaliwa mwingine wa Abeokuta, aliishambulia ITT pamoja na Abiola katika wimbo wake I.T.T.

Kwa upande mwingine alitumia sehemu ya mali yake kusaidia watu. Aligharimia shule, maktaba, misikiti, makanisa, miradi ya maji na ada za wanafunzi katika sehemu mbalimbali za nchi, si kwa Wayoruba peke yao. Alimiliki pia timu ya mpira wa miguu ya Abiola Babes. Mwaka 1988 alipewa cheo cha jadi cha Aare Ona Kakanfo, ambacho zamani kilikuwa cha jemadari mkuu wa Wayoruba. Tangu mwaka 1992 aliongoza jopo la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililodai fidia kwa ajili ya utumwa na ukoloni. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa miongoni mwa wajumbe wake.

Kugombea urais

Abiola alikuwa amejaribu siasa mapema. Alijiunga na chama tawala cha NPN, lakini alijitoa mwaka 1982 baada ya kuzuiwa njia ya kugombea urais.

Jenerali Ibrahim Babangida, aliyetwaa madaraka mwaka 1985, aliahidi kurudisha utawala wa kiraia na akaruhusu vyama viwili tu, SDP na NRC, ambavyo serikali yenyewe iliviunda. Mwaka 1992 alifuta kura za mchujo za vyama hivyo na kuwazuia waliokuwa wakigombea. Hapo ndipo Abiola alipoingia. Machi 1993 aliteuliwa na SDP katika mkutano mkuu uliofanyika Jos, baada ya kumshinda Baba Gana Kingibe kwa tofauti ndogo. Baadaye alimchagua Kingibe kuwa mgombea mwenza, ingawa wote wawili walikuwa Waislamu na wengi walidhani Wakristo wangewakataa.

Kampeni yake ilibeba jina la matumaini na kaulimbiu ya kuuaga umaskini. Wakati huo bei za bidhaa zilikuwa zimepanda kutokana na mageuzi ya kiuchumi yaliyoanza mwaka 1986. Abiola alijieleza kama mtu aliyekula njaa utotoni na hivyo aliyejua shida za wananchi. Misaada yake ya miaka mingi ilifanya ahadi hizo zisikike hata mbali na kwao.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 12 Juni 1993, ingawa mahakama ya Abuja ilikuwa imetoa amri ya kuuzuia. Waangalizi waliuona kuwa wa amani na haki. Kwa hesabu zilizokusanywa, Abiola alipata kura zaidi ya milioni 8, karibu asilimia 58, na kuongoza katika majimbo 19 kati ya 30. Alishinda hata Kano, jimbo la mpinzani wake Bashir Tofa wa NRC.

Kubatilishwa kwa uchaguzi na kifungo

Tarehe 23 Juni 1993 serikali ilibatilisha uchaguzi. Miongoni mwa sababu ilizotaja ni matumizi ya fedha katika kampeni na mgongano wa maslahi kati ya biashara za wagombea na serikali. Maandamano yalizuka, hasa Lagos, na watu wengi waliuawa. Abiola alikwenda nje ya nchi kutafuta msaada, akarudi Septemba. Babangida alikuwa ameondoka Agosti na kumwachia madaraka Ernest Shonekan, lakini Novemba Jenerali Sani Abacha aliyatwaa. Kingibe mwenyewe aliingia katika baraza la mawaziri la Abacha.

Tarehe 11 Juni 1994 Abiola alijitangaza kuwa rais katika mtaa wa Epetedo, Lagos. Siku chache baadaye alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Wafanyakazi wa mafuta waligoma kwa wiki kadhaa kumuunga mkono, bila mafanikio. Alikataa kuachiliwa kwa sharti la kuacha madai yake. Mke wake Kudirat, aliyeendelea kupigania ushindi huo, aliuawa kwa risasi mjini Lagos tarehe 4 Juni 1996.

Kifo na kumbukumbu

Abacha alifariki ghafla tarehe 8 Juni 1998, na wengi walitarajia kwamba Abiola angeachiliwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Julai, aliugua akiwa katika mazungumzo na ujumbe wa Marekani mjini Abuja, akafariki siku hiyohiyo. Madaktari kutoka nje waliochunguza maiti walisema chanzo kilikuwa ugonjwa wa moyo, lakini watu wengi nchini walibaki na shaka kwamba alipewa sumu.

Mwaka 1999 utawala wa kiraia ulirejea chini ya Obasanjo. Mwaka 2018 Rais Muhammadu Buhari alimtunuku Abiola nishani ya GCFR, ambayo kwa kawaida hupewa marais, na kuifanya tarehe 12 Juni kuwa Siku ya Demokrasia badala ya 29 Mei. Mwaka 2025, katika kitabu cha maisha yake, Babangida alikiri kwamba Abiola ndiye aliyeshinda.