Emily Ruete

Emily Ruete (jina la kuzaliwa: Sayyida Salme binti Said, Unguja, 30 Agosti 1844 – Jena, Ujerumani, 29 Februari 1924) alikuwa binti wa Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Anajulikana kwa ndoa yake na mfanyabiashara Mjerumani, iliyomkosesha urithi na nchi yake, na kwa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake kilichotolewa mwaka 1886.

Familia na urithi

Salme alizaliwa katika jumba la Mtoni, kaskazini mwa mji wa Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria mwenye asili ya Cherkesia. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru, na alirithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Mke mkuu wa Sultani, Azza binti Seif, hakuwa na mtoto. Kwa hiyo Said alipofariki mwaka 1856 hapakuwa na mwana aliyewatangulia wengine kwa upande wa mama, na ugomvi wa madaraka ukawa kati ya ndugu wa baba mmoja. Thuwaini alishika Omani na Majid alishika Zanzibar.

Salme, akiwa na umri wa miaka 12, alipata fungu lake la urithi, pamoja na shamba. Alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri, jambo lisilokuwa la kawaida kwa wasichana wa wakati ule.

Uasi wa 1859

Mwaka 1859, mara baada ya kufiwa na mama yake, Salme alijiunga na kaka yake Barghash aliyetaka kumpindua Majid. Kwa kuwa alijua kuandika, akawa karani wa njama hiyo. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe Salme. Lakini alipopatana na Majid, ndugu wa upande wa Barghash walimwona msaliti.

Ndoa

Binti wa Sultani alitazamiwa kuolewa na mtu wa hadhi yake kwa idhini ya walii, na mwanamke Mwislamu hakuruhusiwa kuolewa na asiye Mwislamu. Salme alipendana na jirani yake Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, akapata mimba. Maisha yake yakiwa hatarini, mnamo Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza Highflyer hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, aliyefariki mwaka uliofuata. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo.

Walikaa Hamburg na kupata watoto watatu. Mwaka 1870 Ruete alikufa katika ajali ya tramu ya farasi. Mjane huyo alijitafutia riziki kwa kufundisha Kiarabu. Mwaka huohuo Majid alifariki, na Barghash akawa Sultani.

Madai na siasa za mataifa

Machoni pa Barghash, dada aliyebadili dini hakuwa tena na haki ya kurithi. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Emily alikwenda huko, lakini Waingereza walimzuia asionane naye. Mwaka 1885 Bismarck alimrudisha Zanzibar pamoja na manowari za Kijerumani, wakati Ujerumani ikimshinikiza Barghash kuhusu nchi za bara. Sultani alikataa kumpokea. Alipokubali matakwa ya Wajerumani, madai ya Emily yaliwekwa kando. Alirudi tena mwaka 1888 bila mafanikio.

Miaka ya mwisho

Baada ya hapo aliishi Mashariki ya Kati, hasa Beirut, hadi mwaka 1914, kisha akarudi Ujerumani. Alizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg. Kitabu chake ni chanzo muhimu cha habari za maisha ya wanawake katika majumba ya masultani wa Zanzibar. Chumba kimoja cha Makumbusho ya Kasri, Mji Mkongwe, kimetengwa kwa kumbukumbu yake.