Don Bosco: Padre aliyewaandikia vijana mikataba ya kazi

Jina la Don Bosco wasikilizaji wetu wengi wanalijua kwa sababu ya vyuo vya ufundi. Kipo Dodoma, na vipo vingine Kenya na sehemu nyingi za dunia. Lakini mwenye jina alikuwa nani? Leo tunawaletea maisha yake kwa ufupi, maana yana jambo linalomhusu kila mzazi aliyempeleka mtoto mjini kwa fundi.

Giovanni Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba alifariki kwa homa ya mapafu kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, alibaki na watoto, mama mkwe na shamba la kulisha wote hao. Giovanni alitaka kusoma, lakini kaka yake mkubwa wa mama mwingine alitaka ashike jembe. Ugomvi ulipozidi, mama alimwondoa nyumbani. Akiwa na miaka 12 tu alikwenda kuwa kibarua kwenye shamba la watu.

Baadaye alirudi shuleni, akajilipia kwa jasho lake. Alishona nguo kwa fundi cherehani, akajifunza uhunzi kidogo, akafanya kazi mkahawani. Mwaka 1841 alipata upadre, akaenda kuishi mji wa Turin. Neno Don ni namna Waitaliano wanavyomwita padre.

Turin wakati huo ilikuwa ikikua haraka. Vijana walishuka kutoka milimani kutafuta kazi za ujenzi na viwandani. Wengine hawakuwa na wazazi, wala pa kulala. Don Bosco alipotembelea magereza aliwakuta vijana wengi humo. Jambo lililomuumiza ni kwamba walitoka, kisha baada ya muda mfupi wakarudishwa. Nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea.

Akaanza kuwakusanya siku za Jumapili kwa sala, masomo na michezo. Majirani walilalamikia kelele, akafukuzwa mahali hapa na pale. Mwaka 1846 alipata kibanda cha kupanga mtaa wa Valdocco. Mwaka huohuo aliugua karibu kufa. Alipopona, alikwenda kumwomba mama yake aje kumsaidia. Mama Margherita aliacha kijiji akiwa mtu mzima, akawa mpishi na mshonaji wa watoto wasio wake mpaka alipofariki mwaka 1856.

Mambo hayakuwa mepesi. Vijana wa kwanza waliopewa mahali pa kulala waliondoka alfajiri na mablanketi. Hata hivyo mlango haukufungwa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Don Bosco aliwatafutia vijana wake mafundi wa kuwafundisha kazi, kisha akawa anawatembelea kazini. Aliona kwamba kijana anaweza kukaa kwa fundi miaka na asijue kazi. Anatumwa huku na huko, anabebeshwa mizigo, na akikosea anapigwa. Kumpata fundi peke yake hakukutosha.

Kuanzia mwaka 1851 akaanza kuandika mikataba. Fundi alitia saini, kijana alitia saini, na Don Bosco naye akatia yake. Fundi alikubali kumfundisha kijana kazi yote kwa muda uliotajwa, kwa mfano miaka mitatu. Malipo yalitajwa, tena yalipanda kadiri ujuzi ulivyoongezeka. Fundi alitakiwa kumrekebisha kijana kwa maneno, si kwa kipigo. Hakuruhusiwa kumpa kazi zisizo za ufundi wake. Jumapili ilikuwa ya mapumziko, na kijana alipata likizo ya siku kumi na tano kwa mwaka. Kijana naye aliahidi utii, bidii na uaminifu.

Mwaka 1853 alifungua karakana zake mwenyewe, kwanza za kushona viatu na nguo. Baadaye zikaja za kujalidi vitabu, useremala, uchapaji na uhunzi. Hata humo ndani matatizo yalikuwepo. Ilimbidi abadilishe utaratibu mara kadhaa, maana baadhi ya mafundi aliowaweka walitazama zaidi faida yao.

Mwaka 1859 alianzisha shirika la Wasalesiani ili kazi isife naye. Mwaka 1875 watu wake walifika Argentina. Alifariki Turin tarehe 31 Januari 1888, na mwaka 1934 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu.

Kwetu sisi, somo lake halina dini. Vijana wengi wa vijijini bado wanapelekwa gereji, kwa seremala au kwa fundi cherehani kwa makubaliano ya mdomo. Mwaka wa pili unakwisha, kijana bado anaosha vifaa na kutumwa chai. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ujana ni mali pia. Kabla hujamwacha mwanao kwa fundi, kaeni chini pamoja. Andikeni atafundishwa nini, kwa muda gani, atakula wapi, na lini ataanza kulipwa. Karatasi moja ya daftari inatosha kuanzia, na kila upande ubaki na nakala yake.